Karatasi Tisa za Buluu

"Hesabu imekaa sawa mno," alisema Craig Dunleavy. "Hapo ndipo alipojinasa."

Mwendesha mashtaka wa kaunti alikuwa amesimama mbele ya meza ya karani, mikono mfukoni, tai imelegea ingawa ilikuwa ndiyo kwanza saa nne na dakika ishirini asubuhi. Siku ya Ijumaa. Mji wa Amity Fork ulikuwa umepiga kura Jumanne, na pendekezo la kutoza kodi manunuzi ya mtandaoni lilikuwa limeanguka kwa kura nne.

Twyla Rademacher, mpelelezi wa ofisi ya sherifu, alivuta kiti akaketi. Alifungua daftari lake kwenye ukurasa mtupu.

"Anzeni mwanzo," alisema. "Kama vile mimi ni mgeni."

Glenda Eberly, karani wa kaunti, aliweka karatasi mbili za kura mezani. Moja ilikuwa na mstari wa buluu juu, nyingine wa kijani.

"Ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Luka unapokea watu wa namna mbili," alisema. "Wa ndani ya mji wanapewa hii ya buluu, ina bodi ya shule na swali la kodi. Wa mashambani, nje ya mpaka, wanapewa ya kijani. Bodi ya shule, basi. Kodi ya mji haiwahusu."

"Waliosaini?"

"Mia tano na thelathini. Wa mji mia nne na kumi na wawili, wa mashambani mia moja na kumi na wanane."

"Na sandukuni?"

"Mia tano na thelathini."

"Zimetimia, basi."

"Kwa jumla, ndiyo. Lakini za buluu ni mia nne na tatu tu. Za kijani ni mia moja ishirini na saba."

Twyla aliandika namba zote nne, akazitazama. Buluu zimepungua tisa. Kijani zimezidi tisa.

"Mtu amechomoa tisa za buluu," alisema Dunleavy, "akachomeka tisa za kijani ili jumla isimwumbue. Na aliyekaa na mabunda ya karatasi siku nzima ni Norleen Pfister. Ana bango la 'Hapana' uani kwake, kubwa kama mlango wa banda. Alikwenda hadi kwenye baraza la mji kuipinga kodi hiyo."

"Watu arobaini waliipinga kwenye baraza."

"Hao arobaini hawakubaki peke yao na sanduku lililo wazi. Yeye alibaki. Dakika kumi, baada ya kituo kufungwa. Ameandika mwenyewe kwenye taarifa."

"Ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Saa kumi na moja jioni Glenda anaidhinisha matokeo, na mimi saa hiyohiyo napeleka hati ya mashtaka mahakamani. Inaweza kufika miaka mitano jela, Twyla. Ukipata kitu, nipigie. Usipopata, niletee bibi mwenyewe."

*

Kibarazani kwa Norleen Pfister kulikuwa na vifurushi vinne vya posta, vimepangwa kwa ukubwa. Alifungua mlango kabla Twyla hajabisha.

"Umekuja kunitia pingu au kunywa kahawa?"

"Kahawa kwanza, Bi Norleen."

"Basi jifute miguu."

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Meza ya jikoni ilikuwa imefunikwa na vipande vya kitambaa vya mfarishi, blanketi la viraka, alioukata nusu. Alivisogeza kwa kiganja ili kikombe kipate pa kukaa.

"Vifurushi vyote hivyo ni kitambaa?" aliuliza Twyla.

"Kitambaa na uzi. Duka la karibu liko maili arobaini. Kila ninachoshona kinakuja kwa posta, na hao wa baraza wanataka wakikate kabla sijakikata mimi. Ndiyo, niliipinga kodi. Niliipinga kwa kinywa changu, mbele ya kipaza sauti. Sikuipinga kwa vidole."

"Jumanne jioni. Mwenzako wa kituoni, Harlan, alikwenda wapi?"

Norleen alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Bi Norleen."

"Jikoni. Kina mama wa kanisa waliouza chakula siku nzima walikuwa wanafunga jiko, na kulikuwa kumebaki kipande kimoja cha pai ya pichi. Usimwandike. Mkewe amemkataza sukari."

"Na sanduku?"

"Wazi, mbele yangu. Tulikuwa tunahamisha karatasi kwenda kwenye mfuko. Nilikaa nikaweka mikono mapajani mpaka aliporudi."

"Nani alikuona?"

"Mungu. Mwite atoe ushahidi."

Nje gari lilipita likinguruma. Norleen hakugeuza shingo. "Dale Oberle. Anampeleka mama yake kwa daktari wa macho, ndiyo maana anaendesha kistaarabu."

Twyla alitazama dirishani. Lilikuwa gari la Dale Oberle, na kwenye kiti cha pembeni alikaa mwanamke mwenye skafu.

"Wewe ndiye uliyetoa karatasi siku nzima?"

"Miaka thelathini na mmoja nimetoa karatasi. Harlan anashika daftari, mimi karatasi. Yeye wa chama chake, mimi wa changu, ndivyo sheria inavyotaka." Aliweka kijiko chini. "Sikiliza, mwanangu. Jela naiweza. Huko nako wanahitaji mashuka. Lakini nikitoka hapa nimeitwa mwizi wa kura, jina hilo litanifuata mpaka kwenye jiwe la kaburi. Hilo siliwezi."

Twyla alimaliza kahawa yote, kwa heshima ya nyumba, akaenda zake.

*

Harlan Moog alifanya kazi kwenye mizani ya ghala la nafaka. Alikuwa kwenye kibanda chake cha kioo akimpungia mkono dereva wa lori la mahindi alipomwona Twyla, na sura ikamshuka.

"Ni ile pai," alisema.

"Ni ile pai."

"Mke wangu amejua?"

"Mimi sikumwambia. Ulikaa jikoni muda gani?"

"Dakika kumi. Labda kumi na mbili, walikuwa na krimu." Alikuna kidevu. "Twyla, Norleen hakugusa kitu. Yule ukimrudishia senti moja iliyozidi anakuandikia barua ya shukrani."

"Hilo si ushahidi, Harlan."

"Najua si ushahidi. Nakwambia tu."

"Nionyeshe mlivyokaa."

Alichukua kitabu cha stakabadhi za mizani akakiweka kwenye meza kati yao. "Hili ndilo daftari la wapigakura. Mtu anakuja, ananionyesha kitambulisho, natafuta jina. Namgeuzia daftari hivi, anasaini. Norleen hapa kushoto kwangu anampa karatasi."

"Ya buluu au ya kijani. Anajuaje ipi?"

"Rangi imechapishwa mwisho wa mstari, karibu na anwani."

"Na yeye anaisoma?"

Harlan alicheka. "Norleen? Nusu ya watu wale amewafundisha shule ya Jumapili. Mtu bado yuko mlangoni anakung'uta matope, karatasi yake iko tayari mkononi mwa Norleen. Ndiyo maana kituo chetu hakina foleni. Kule shule ya msingi wanasoma mstari kwa mstari, mtu anaota ndevu akisubiri."

Twyla alikitazama kitabu cha mizani. Kilikuwa kimemwelekea yeye.

"Ukishamgeuzia mtu daftari, wewe unaliona vipi?"

"Kichwa chini."

"Na Norleen?"

"Ubavuni. Kama anatazama. Hatazami." Lori lilipiga honi. Harlan hakulijali. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Bado sijui," alisema Twyla, na alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango.

*

Aliomba nakala ya daftari la wapigakura na rula. Glenda alimpa vyote viwili na chumba cha nyuma chenye meza.

Twyla aliweka rula wima juu ya safu ya mwisho, ile ya rangi, akaifunika. Kisha akaanza kusoma majina na anwani za waliosaini, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja akaandika pembeni alichodhani: B au K. Hakufikiri sana. Alikuwa ameishi Amity Fork miaka ishirini na miwili. Mtaa wa Pili, buluu. Barabara ya Kiwanda cha Maziwa, kijani. Familia ya Oberle, kijani, wote. Mwalimu wa muziki, buluu.

Glenda aliingia mara moja akamkuta ananong'ona rangi peke yake, akatoka.

Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Majina mia tano na thelathini. Kisha akaiondoa rula, akapitia tena kwa kalamu nyekundu, akizungushia duara kila alipokosea.

Maduara mekundu yalikuwa kumi na moja.

Mawili yalikuwa ya wageni, watu waliohamia juzi asiowajua. Hayo akayaweka kando. Tisa yaliyobaki yalikuwa kwenye kurasa tofauti, majina tofauti, herufi tofauti. Twyla alihamisha kidole kutoka kwenye majina kwenda kwenye anwani.

Barabara ya Schaal. Barabara ya Schaal. Barabara ya Schaal.

Alisimama bila kujua kwamba amesimama.

"Glenda," aliita. "Barabara ya Schaal iko ndani ya mji tangu lini?"

"Tangu Oktoba," ilijibu sauti kutoka chumba cha mbele. "Waliingizwa kwa ajili ya bomba la majitaka. Ilitangazwa gazetini."

"Nimeishi hapa miaka ishirini na miwili na nimewaandika wote kijani."

Glenda alitokea mlangoni. Alitazama duara tisa nyekundu, na mkono ukaenda shingoni.

"Mimi pia ningewaandika kijani," alisema, "kama barua za mpaka zisingepitia mezani kwangu."

Saa ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Twyla alikunja nakala, akaikumbatia na koti, akashuka ngazi mbili mbili.

*

Clete Schaal alikuwa uani akipiga nyundo kwenye lango la zizi. Hakuacha.

"Kama umetoka mjini," alisema, "mwambie meya bomba lake linanuka."

"Nimetoka ofisi ya sherifu, Bwana Schaal. Jumanne ulipiga kura?"

"Nilipiga."

"Ulipewa karatasi ya rangi gani?"

"Kijani. Kama baba yangu, na babu yangu kama walikuwa na rangi."

Twyla alijizuia asiharakishe. "Ilikuwa na swali la kodi?"

"Haikuwa nalo, na nikashukuru. Nikasema, kumbe bado yuko mtu mmoja katika kaunti hii anayejua mimi ni mtu wa shamba." Alipiga msumari mara mbili. "Wametuchorea mpaka juu ya ng'ombe wetu bila kutuuliza. Mimi si mtu wa mji. Tazama hayo mabuti."

Mlango wa nyumba ulifunguliwa, mwanamke akatoka na taulo mkononi. Mkewe, Arvella.

"Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia palepale ukumbini, Clete, hii siyo yetu, tulipata barua ya mji. Akanikanyaga mguu."

"Sikukukanyaga. Niliugusa."

"Na buti hilo?"

"Na wewe, Bi Arvella, ulipewa ipi?" aliuliza Twyla.

"Kijani. Norleen alikuwa ameishika kabla sijavua glavu. Akaniuliza hali ya goti langu. Mtu anakuulizia goti, utaanza kubishana naye rangi ya karatasi?"

"Msiniambie mngeipigia vipi kodi."

"Hatukuwa na nia," alisema Clete.

Twyla alipita kwenye nyumba zote tano za barabara ile. Watu wanane walisema kijani. Wa tisa, mzee aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, alisema alipewa karatasi, na hilo tu ndilo angeapia. Wawili walikiri waliona swali la kodi halipo wakadhani limefutwa. Mmoja alisema alinyamaza kwa sababu nyuma yake watu walikuwa wanasubiri kula.

*

"Hapana," alisema Dunleavy.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Hati ya mashtaka ilikuwa mbele yake, imepigwa chapa, bila saini.

"Watu wanane, Craig."

"Majirani wanane. Amewashonea watoto wao mifarishi. Ukiwaambia atafungwa, watasema walipewa karatasi ya zambarau. Nikienda nao mahakamani, watu wa kodi watasema barabara nzima imepangwa." Alisema bila ukali. "Sisemi wanadanganya. Nasema siwezi kujua."

Twyla alikubali kwa kichwa. Hoja ilikuwa na uzito.

"Basi tuache kuwauliza watu," alisema. "Ziko wapi karatasi za buluu ambazo hazikutumika?"

"Ghalani, hapahapa ofisini," alisema Glenda. "Kwenye mfuko wenye lakiri. Zilikwenda mia sita kituoni. Fomu inasema zilibaki mia moja themanini na nane."

Twyla alichora mistari miwili daftarini, akaligeuzia upande wa Dunleavy, ili alisome vizuri.

"Tuseme wewe ndiye unayesema kweli. Watu mia nne na kumi na wawili walipewa buluu, kila mmoja yake. Jioni zikachomolewa tisa zilizokwisha kupigwa kura. Zilizobaki bila kutumika ni ngapi?"

"Mia moja themanini na nane. Ndivyo fomu inavyosema."

"Sasa tuseme Clete Schaal ndiye anayesema kweli. Wale tisa hawakupewa buluu kamwe. Zilizotoka ni mia nne na tatu. Zilizobaki?"

Dunleavy alivuta daftari karibu. "Mia moja tisini na saba," alisema taratibu.

"Safi, hazina wino, ndani ya mfuko ambao haujaguswa tangu Jumanne."

"Lakini fomu—"

Twyla alikuwa ameshika simu. Aliweka sauti wasikie wote.

"Harlan. Jumanne jioni, karatasi za buluu zilizobaki. Nani alizihesabu?"

Mlio wa mizani.

"Kuhesabu, kuhesabu?" ilisema sauti ya Harlan. "Tulitoa. Mia sita toa mia nne na kumi na mbili. Krimu ilikuwa inayeyuka, Twyla."

Dunleavy alikuwa tayari anavaa koti. "Hakimu anaondoka saa kumi na nusu siku za Ijumaa," alisema, akatoka mbio.

*

Alirudi na amri ya hakimu ya kufungua mfuko saa kumi na dakika thelathini na tano, akihema. Glenda alikuwa amewaita wawakilishi wa vyama vyote viwili. Norleen Pfister alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mkoba magotini. Twyla alimleta mwenyewe, kwenye kiti cha mbele cha gari.

Glenda alisoma namba ya lakiri kwa sauti. Wawakilishi waliilinganisha na fomu. Namba ilikuwa ileile, na uzi ulikuwa mzima. Akaukata kwa mkasi.

Bunda la buluu lilitoka likiwa limefungwa kwa mpira. Kwa macho tu, hakuna aliyeweza kusema ni ngapi. Tofauti ya karatasi tisa ni nyembamba kuliko kidole.

Glenda alihesabu akilaza karatasi moja moja, kila kumi akizipishanisha na kumi nyingine. Alipofika mia moja, mmoja wa wawakilishi alijifuta paji la uso. Alipofika mia moja na hamsini, Dunleavy aliacha kutazama karatasi akaanza kutazama bunda lililobaki mkononi.

"Mia moja themanini na tano. Sita. Saba." Glenda alilaza moja zaidi. "Mia moja themanini na nane."

Mkononi mwake bado kulikuwa na karatasi.

"Endelea," alisema Twyla.

"Mia moja themanini na tisa. Mia moja na tisini."

Mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Glenda alikwenda haraka sasa, kisha akajirudi akaenda polepole, na mwisho akaweka kiganja juu ya meza tupu.

"Mia moja tisini na saba."

Dunleavy alizihesabu tena yeye mwenyewe, amesimama, midomo ikicheza. Alipomaliza aliikunja hati ya mashtaka mara mbili, akaitia mfukoni.

"Bi Pfister," alisema, "hakuna kura iliyoibwa. Nakuomba radhi, na Jumatatu nitaliandikia gazeti hivyo hivyo."

Harlan angepiga makofi kama angekuwepo. Mwakilishi wa chama kisicho chake alimshika Norleen bega. Norleen hakuinuka.

"Watu tisa," alisema. "Na kodi imeanguka kwa nne."

"Ndiyo," alisema Twyla.

"Basi hatujui imeanguka au haikuanguka."

"Hatujui. Hakimu ataamuru swali lipigiwe kura upya."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya kasoro ya utaratibu kituoni," alisema Dunleavy upesi. Alikuwa amekwisha kuanza kuandika. "Ndivyo itakavyosomeka. Hakuna haja ya jina la mtu."

"Futa," alisema Norleen. "Kituo hakina macho. Andika kwamba Norleen Pfister alitoa karatasi bila kusoma daftari, kwa sababu alidhani anamjua kila mtu. Nami nitasaini. Na Glenda atafute mwingine wa kukaa pale."

Dunleavy alimtazama Twyla. Akafuta, akaandika upya.

Norleen alisaini jina lake lote. Kisha akamgeukia Twyla. "Unakwenda upande wa Barabara ya Schaal?"

"Naweza kwenda."

"Nataka niwafikie kabla hawajaketi kula. Nipe hiyo orodha yenye anwani."

"Bi Norleen, nyumba ni tano tu. Unazijua zote."

"Nipe."

Twyla alimpa. Norleen aliinua miwani iliyoning'inia kifuani, akaivaa, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza na kuanza kusoma, jina, namba ya nyumba, barabara, mpaka rangi iliyochapishwa mwishoni. Kisha akashuka mstari wa pili.